Odi za mechi ya mtoano NHL: mbona timu moja ina bei tatu, na takwimu zipi za kuamini?

Kisahani_Cheusi

Wakuu, habari zenu. Naomba kuelekezwa namna ya kusoma odi na takwimu za mechi ya mtoano ya hoki ya barafuni, NHL. Nimeandika mfano wa bei kama zinavyotokea kwenye ukurasa wa mechi moja, ili anayejibu awe na namba za kushika:

Mshindi wa mechi: nyumbani -150, wageni +130
Dakika 60: nyumbani 2.05, sare 4.20, wageni 3.05
Hendikapu: nyumbani -1.5 kwa 2.75, wageni +1.5 kwa 1.46
Jumla ya mabao: ova (zaidi ya) 6.5 kwa 2.15, anda (chini ya) 6.5 kwa 1.74

Takwimu za msimu: nyumbani wanafunga 24% ya pawaplei zao (vipindi ambavyo mpinzani ana mchezaji pungufu kwa adhabu) na wageni 19%. Wakiwa pungufu kwa adhabu, nyumbani wanafungwa 21% na wageni 18%. Wakicheza tano kwa tano, mabao tarajiwa (xG) ya nyumbani kwa dakika 60 ni 2.85 na wanaruhusu 2.54. Wageni ni 2.70 na wanaruhusu 2.60.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, -150 na 2.05 ni timu ileile, kwa nini bei hazilingani? Pili, hizo takwimu nazigeuzaje kuwa asilimia ya kushinda? Tatu, mtoano unabadilisha nini ukilinganisha na msimu wa kawaida? Ningeomba hesabu zenyewe. Habari za "timu iko fomu" zimeshanichosha.

---

MlindaLango

Mkuu, nianze na swali la kwanza maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa bila kujua.

Hizo ni beti mbili tofauti kabisa. Ile ya -150 inahesabu mechi mpaka mshindi apatikane, hata kama ni saa saba usiku. Ile ya 2.05 inaishia dakika ya 60. Timu yako ikisawazisha sekunde za mwisho kisha ikashinda dakika za nyongeza, mkeka wa 2.05 umechanika na mkeka wa -150 umelipa. Mfano mzuri ni fainali ya 2025, mechi ya 2 kati ya Edmonton Oilers na Florida Panthers. Corey Perry alisawazisha zikiwa zimebaki kama sekunde 18, ikawa 4-4. Brad Marchand akaimaliza kwenye kipindi cha pili cha nyongeza, Florida 5-4. Aliyechukua Florida kwa dakika 60 alipoteza, japo Florida ndio walioondoka na ushindi.

Sasa kuzigeuza. Odi za Kimarekani zenye alama ya kutoa: namba gawa kwa namba jumlisha 100. Kwa hiyo -150 ni 150/250 = 60%. Zenye alama ya kujumlisha: 100 gawa kwa namba jumlisha 100, yaani +130 ni 100/230 = 43.5%. Kwa desimali ni 1.67 na 2.30.

Jumla ni 103.5%. Hizo 3.5 za ziada ni chakula cha kampuni, ziondoe kabla hujafanya lolote: 60/103.5 = 58.0% nyumbani, 42.0% wageni.

Fanya vivyo hivyo kwa soko la dakika 60. 2.05 ni 48.8%, 4.20 ni 23.8%, 3.05 ni 32.8%, jumla 105.4%. Ukisafisha: nyumbani 46.3%, sare 22.6%, wageni 31.1%. Umeona kwamba soko hili linakukata zaidi, 5.4 badala ya 3.5. Ni hali ya kawaida kila soko linapokuwa na matokeo matatu.

Sasa tazama hapa. Nyumbani wana 58.0% kushinda kwa vyovyote na 46.3% kushinda ndani ya dakika 60. Tofauti ni 11.7%, nayo ndiyo nafasi yao ya kushinda kwenye nyongeza. Gawa kwa sare, 11.7/22.6, unapata 0.52. Soko lenyewe linakwambia kwamba mechi ikifika nyongeza, nyumbani wana 52 kwa 48. Ukikuta mechi ambayo hesabu hii inatoa 0.60 au 0.42, usishangilie. Mara nyingi bei moja imesasishwa na nyingine bado, ama umechanganya kampuni mbili.

Hendikapu nayo isome kwa jicho hilohilo. Kwenye mtoano hakuna mechi ya nyongeza inayoisha kwa tofauti ya mabao mawili, maana bao likiingia tu mchezo umekwisha. Kwa hiyo -1.5 hufa papo hapo mechi ikienda nyongeza, na +1.5 inakuwa imeshashinda. 2.75 na 1.46 zikisafishwa zinatoa 34.7% kwa nyumbani kushinda kwa mawili au zaidi. Toa 34.7 kwenye 58.0, unabaki na 23.3% ya kushinda kwa bao moja, na nusu yake (11.7) inatoka kwenye nyongeza. Anayenunua -1.5 kwa sababu "wako vizuri sana" awe ameshaiona hiyo robo ya nafasi anayoitupa.

---

Hesabu_Kwanza

Nichukue swali la pili. Mkuu, namba ulizoleta ni nzuri, umekosa wastani wa ligi tu. Niweke 2.60 kwa xG ya tano kwa tano na 21% kwa pawaplei. Wewe siku ya mechi weka za msimu husika.

Hatua ya kwanza, tano kwa tano. Shambulizi la timu zidisha kwa ulinzi wa mpinzani, gawa kwa wastani wa ligi.

Nyumbani: 2.85 × 2.60 / 2.60 = 2.85 kwa dakika 60.
Wageni: 2.70 × 2.54 / 2.60 = 2.64.

Ila mechi haichezwi tano kwa tano dakika zote 60. Adhabu hula sehemu, chukua dakika 48. Zidisha kwa 0.8: nyumbani 2.28, wageni 2.11.

Hatua ya pili, pawaplei. Weka tatu kwa kila timu. Nyumbani: 24 × 18 / 21 = 20.6%, mara tatu ni bao 0.62. Wageni: 19 × 21 / 21 = 19%, mara tatu ni 0.57.

Hatua ya tatu, ongeza 0.20 kila upande kwa mabao ya lango tupu (kipa akiwa ametolewa), ya nne kwa nne na yale ya timu iliyo pungufu. Nyumbani 3.10, wageni 2.88.

Hatua ya nne, uwanja. Zidisha nyumbani kwa 1.03 na wageni kwa 0.97. Unapata takriban 3.2 na 2.8.

Hapo sasa tumia mgawanyo wa Poisson (fomula inayogeuza wastani wa mabao kuwa nafasi ya kila idadi ya mabao) kwenye jedwali lolote la kompyuta: uwezekano wa nyumbani kufunga 0 hadi 10, wageni 0 hadi 10, zidisha kila jozi. Matokeo ni nyumbani 48.1%, sare 16.5%, wageni 35.4%. Sare igawe 52 kwa 48, nyumbani wanafika 56.7%.

Soko lilisema 58.0%. Odi ya haki kwa hesabu yetu ni 1.76 nyumbani, wewe unapewa 1.67. Wageni ni 43.3%, odi ya haki 2.31, unapewa 2.30. Hakuna cha kununua pande zote mbili, mechi hii unaiacha. Utaona matokeo ya namna hii mara nyingi kuliko yoyote mengine, na mfano ulioleta haujakosewa popote.

Kuna kosa moja ambalo mtu anayetoka soka hulifanya siku ya kwanza. Anachukua mabao ya kufunga na kufungwa kutoka kwenye msimamo. Msimamo wa NHL huongeza bao moja kwa timu iliyoshinda kwa penalti, na mabao ya nyongeza ya msimu wa kawaida yanatoka kwenye mchezo wa watatu kwa watatu. Hayo yote kwenye mtoano hayapo. Hata ushindi wenyewe, usiangalie safu ya W, ushindi wote. Angalia RW, ushindi wa ndani ya dakika 60. Timu mbili zinaweza kuwa na ushindi 48 kila moja, moja ikiwa na RW 42 na nyingine 31. Hawa wa 31 wamebebwa na mchezo ambao hautachezwa tena mpaka msimu ujao.

---

NyavuTupu

Hesabu_Kwanza, kazi safi, ila 16.5% ya sare usimwachie hivyohivyo. Atalinganisha na 22.6% ya soko, aone nyumbani na wageni wa dakika 60 wamepewa bei nono, anunue, aumie.

Poisson inadhani bao la dakika ya 58 lina nafasi ileile na la dakika ya 8, hata kama ni 2-2. Barafuni haiko hivyo. Mechi ikiwa sare zikiwa zimebaki dakika chache, timu zote mbili zinapunguza kuhatarisha. Halafu upande wa pili, timu inayofungwa bao moja inamtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa sita, dakika mbili hadi tatu za mwisho, na sehemu ya mechi hizo inasawazishwa. Mambo yote mawili yanasukuma kuelekea sare. Kwenye NHL, takriban mechi moja katika nne au tano inamaliza dakika 60 bila mshindi. Kwa hiyo sare ipandishe iwe 21 hadi 23, hizo pointi zitoe kwenye matokeo ya tofauti ya bao moja pande zote mbili, ndipo ulinganishe. Kwa soko la mshindi wa mechi haibadilishi sana, maana sare inagawanywa karibu nusu kwa nusu.

Lango tupu linavuruga hendikapu pia, kwa mwelekeo wa kinyume. Mechi ya 6 ya fainali ya 2025 iliisha Florida 5, Edmonton 1. Sam Reinhart alifunga manne, na mawili ya mwisho yaliingia lango likiwa halina mtu. Anayesoma 5-1 kwenye orodha ya matokeo anadhani Edmonton walichakazwa dakika zote. Ukiwa unajumlisha mabao kwa ajili ya takwimu za timu, ondoa ya lango tupu kwanza. Yabakize tu pale unapokadiria jumla ya mabao na hendikapu, maana kwenye mkeka yanahesabika.

---

Kisahani_Cheusi

Aisee, nimewaelewa. Hilo la 2.05 nilikuwa naliona kama bei nzuri iliyosahaulika. Sasa kwenye jumla ya mabao: ile ya 6.5 inahesabu nyongeza au la? Na ikiwa inahesabu, nyongeza inanisaidia kwenye ova kiasi gani?

---

Hesabu_Kwanza

Kampuni nyingi soko kuu la jumla huhesabu nyongeza. Likiandikwa "dakika 60" au "muda wa kawaida" halihesabu. Soma kanuni za soko lenyewe.

Hapa pana kitu kitamu ambacho wengi hawakioni. Mechi ikienda nyongeza, dakika 60 zimeisha 0-0, 1-1, 2-2, 3-3, 4-4 au zaidi. Jumla hapo ni namba shufwa. Bao moja la nyongeza linaifanya witiri: 1, 3, 5, 7, 9. Kwa hiyo kwenye mtoano mechi ya nyongeza haiwezi kamwe kuisha na mabao 6 wala 4. Kwa mistari ya kubeti maana yake ni hii:

Mstari wa 5.5: nyongeza haibadilishi chochote. 2-2 inakuwa 5, bado ni anda. 3-3 ilishakuwa ova kabla ya nyongeza.

Mstari wa 6.5: ikiwa 3-3 inaingia nyongeza, ova imeshashinda, kilichobaki ni kusubiri nani atafunga.

Mstari wa 6 kamili: mechi ya nyongeza hairudishi dau. Dau hurudi tu mechi ikiisha 6 ndani ya dakika 60, kama 4-2 au 5-1.

Kwa 3.2 na 2.8 zetu, Poisson tupu inatoa mabao 7 au zaidi kwa 39.4%. Uwezekano wa 3-3 ni karibu 5%. Ukiuongeza, ova 6.5 inakuwa 44.3%, odi ya haki 2.26. Asiyeongeza anadhani haki ni 2.54, anaona 2.15 kama wizi na kukimbilia anda. Anda yenyewe ni 55.7%, haki 1.80, na unapewa 1.74. Tena hakuna cha kununua.

Ova 5.5 ni 55.4%, haki 1.80. Ukikuta kampuni moja inatoa ova 5.5 kwa 1.90 huku wenzake wako 1.78, hapo pana mazungumzo. Lakini kwanza hakiki kipa.

---

KipaKwanza

Hapo kwenye kipa ndipo nilikuwa nawasubiri. Hesabu zote za juu zimedhani makipa wawili wa kawaida. Tuweke namba: mashuti 28 langoni, kipa anayeokoa 0.915 ya mashuti dhidi ya kipa wa 0.900. Tofauti ni 28 × 0.015 = bao 0.42 kwa mechi. Ukiwapa wageni hilo bao kutoka 2.8 kwenda 3.2, nyumbani wanashuka kutoka 56.7% hadi kama 50%. Pointi sita na ushee kwa jina moja kwenye karatasi ya kikosi! Hakuna mshambuliaji anayesogeza bei kiasi hicho.

Msimu wa kawaida timu hubadilisha makipa kwa sababu ya mechi za siku mbili mfululizo. Kwenye mtoano kwa kawaida kuna siku ya kupumzika katikati, kwa hiyo namba moja hucheza karibu kila mechi, labda aumie au aboronge. Hivyo ukitumia jumla ya timu ya msimu mzima, ndani yake kuna mechi ishirini au thelathini za kipa wa akiba ambaye hutamwona. Chukua takwimu za kipa anayeanza peke yake.

Namna ya kumjua mapema: kwenye mazoezi ya asubuhi ya siku ya mechi, kipa anayetoka barafuni wa kwanza kwa kawaida ndiye anayeanza usiku. Waandishi wanaofuatilia timu huliandika hilo ndani ya dakika chache. Uthibitisho wa mwisho ni pale timu inapoingia kupasha mwili, kama nusu saa kabla ya mechi: anayetangulia kuingia ndiye mwenye lango. Usidhani mtoano unakulinda na mabadiliko. Fainali ya 2025, Edmonton walimtoa Stuart Skinner katikati ya mechi ya 3 na ya 4, wakamwanzisha Calvin Pickard mechi ya 5, kisha wakamrudisha Skinner mechi ya 6. Aliyeweka dau la mechi ya 5 siku mbili kabla alikuwa anabeti bila kujua nani yuko langoni.

Sasa onyo kuhusu asilimia za mtoano wenyewe. Kipa akicheza mechi 7 kwa mashuti 28, amepigwa mashuti 196. Kosa sanifu la kitakwimu (kiasi ambacho bahati tupu huisogeza asilimia yake) kwa idadi hiyo ni mzizi wa 0.9 × 0.1 / 196, sawa na 0.021. Yaani kipa wa kweli wa 0.905 anaweza kuonyesha 0.926 au 0.884 kwenye raundi moja bila kubadilika hata kidogo. Fainali ya 2024 inaonyesha vizuri. Florida waliruhusu mabao 0, 1 na 3 kwenye mechi tatu za kwanza, Sergei Bobrovsky akaonekana ukuta. Mechi tatu zilizofuata timu ikafungwa 8, 5 na 5. Mechi ya 7 ikafungwa 1, wakachukua kombe 2-1. Kipa yuleyule, wiki mbili na nusu. Anayebadilisha makadirio yake kila baada ya mechi anakimbiza kivuli.

Tumia misimu miwili au mitatu ya kipa, na kipimo cha mabao aliyookoa zaidi ya yaliyotarajiwa kwa ubora wa mashuti (GSAx). Asilimia tupu inamwonea kipa wa timu yenye ulinzi mbovu.

---

MlindaLango

KipaKwanza kasema kweli, na hesabu hiyohiyo inahusu pawaplei. Mechi saba, pawaplei tatu kila moja, ni 21. Bao moja zaidi au pungufu linasogeza asilimia kwa karibu 5. Timu "yenye 33% kwenye mtoano" imefunga 7 kati ya 21. Ingefunga 5 ungesoma 24% ukasema ni ya kawaida. Mwaka 2024 Edmonton wakiwa pungufu walizima adhabu 66 kati ya 70 kwenye mtoano mzima, 94.3%. Ni kazi kubwa sana, lakini aliyeingia mtoano wa 2025 na namba hiyo kichwani aliadhibiwa, maana haikujirudia.

Kwa takwimu za timu, mimi hushika hizi kwa mpangilio huu: xG ya tano kwa tano ya mechi 25 za mwisho ikichanganywa na ya msimu, kipa, kisha timu maalumu za pawaplei na pungufu za msimu mzima. Corsi, yaani majaribio yote ya mashuti, naiangalia kwa kuhakiki tu. Timu ikiwa na Corsi 54% na xG 49%, inarusha kutoka mbali, mabeki wanapiga kutoka mstari wa buluu (mpaka wa eneo la kushambulia) na kipa anaona kila kitu. Kinyume chake, timu yenye Corsi 48% na xG 52% inaingia mbele ya lango na kusubiri kipa ateme. Kwenye mtoano hawa wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi.

PDO, yaani asilimia ya mashuti kuwa bao jumlisha asilimia ya kipa, huzunguka 100. Timu iliyoingia mtoano na 103 kwa mwezi mzima inauzwa ghali. Ya 97 mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko inavyostahili, iwapo xG yake iko sawa.

Kuhusu swali la tatu, niongeze mambo mawili ya uwanjani. Mchezo ukisimama, mgeni anaingiza wachezaji kwanza, mwenyeji anaingiza baada ya kuona. Kwenye msimu makocha wengi hawalisumbukii kila mara. Kwenye mtoano kocha wa nyumbani hulitumia kila mchezo unaposimama, kumwekea nyota wa wageni mabeki wake bora. Kwa hiyo tazama xG ya mstari wa kwanza (washambuliaji watatu wakuu) wa wageni nyumbani kwao na ugenini, timu ileile dhidi ya timu ileile, mechi ya 1 na 2 dhidi ya 3 na 4. Mpangilio wa viwanja ni 2-2-1-1-1 (mbili kwa mmoja, mbili kwa mwingine, kisha moja moja kwa zamu), kwa hiyo mechi ya 5 faida hiyo inarudi kwa aliyeanza nyumbani.

Jingine ni kubadilisha zamu. Timu hubadilishana malango kila kipindi, hivyo kipindi cha 2 na dakika 20 za kwanza za nyongeza benchi liko mbali na lango unalolilinda. Mabeki waliobanwa eneo lao hawafiki kukaa. Timu yenye mabeki sita wanaoaminika wote inafaidika hapo. Yenye kocha anayetumia wanne inachoka. Soma dakika za beki wa tano na wa sita kwenye ripoti ya mechi iliyopita. Wakiwa na dakika 9 kila mmoja na mechi hiyo ilikwenda nyongeza, hao wanne wa juu wamebeba mzigo na siku inayofuata ya mechi haiko mbali.

---

BluuMstari

Swali dogo kwa wakuu. Je, ile ya kumchukua aliyefungwa mechi iliyopita, kwamba "atarudi na hasira", ina msingi?

---

NyavuTupu

Bei imeshaila. Kila mtu anaijua, kampuni pia zinaijua. Kinachosogeza uwezekano kutoka mechi hadi mechi ni uwanja, kipa na majeruhi.

Na majeruhi wa mtoano wasome kwa tahadhari. Timu zinatangaza "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini" na si zaidi. Usisubiri jina la jeraha. Subiri kupasha mwili, hesabu washambuliaji na mabeki walioingia barafuni, na angalia nani anacheza na nani. Kikosi ni wachezaji 18 na makipa 2. Ukiona washambuliaji 11 na mabeki 7 badala ya 12 na 6, mara nyingi kuna beki ambaye kocha hana uhakika kama atamaliza mechi.

Wale wanaosema "timu bora lazima ipite" wakumbushe Tampa Bay 2019: ushindi 62 kwenye msimu, wakatolewa 4-0 na Columbus raundi ya kwanza. Boston 2023: ushindi 65 na pointi 135, rekodi ya ligi, waliongoza 3-1 dhidi ya Florida wakatolewa mechi ya 7 kwenye nyongeza. Timu yenye 58% kwa mechi moja inapoteza mechi 42 katika 100, na mchezo wenye mabao sita tu kwa usiku hauna nafasi ya kusahihisha bahati.

---

Kisahani_Cheusi

Nimeandika hatua zote kwenye jedwali, zimetoa 48.1, 16.5 na 35.4 kama za Hesabu_Kwanza. Nimepandisha sare hadi 22, nimetoa 2.75 kila upande kutoka kwenye ushindi wa bao moja. Mshindi wa mechi amebaki karibu palepale, 56.8%. Swali la mwisho: nikipata bei nzuri kweli, dau liwe kiasi gani?

---

Hesabu_Kwanza

Hilo jedwali limekaa sawa.

Dau: chukua uwezekano wako mara odi, toa 1, gawa kwa odi ukitoa 1. Tuseme kampuni nyingine inatoa nyumbani 1.83. 0.567 × 1.83 = 1.038, toa 1 ni 0.038, gawa kwa 0.83 ni 4.5% ya mtaji. Usiweke hiyo yote. Hesabu hiyo inadhani 56.7% yako ni sahihi, na kosa dogo la pointi mbili linaifuta faida nzima: kwa 1.83 unahitaji 54.6% ili usile hasara. Weka robo, yaani kama 1.1% ya mtaji.

Na uandike bei uliyonunua pamoja na bei ya mwisho kabla ya mechi kuanza. Ukinunua 1.83 na mechi ikaanza 1.72, ulikuwa sahihi hata kama mechi ilipotea. Ukinunua 1.83 na ikaanza 1.95, tafuta ulichokosa: mara nyingi ni kipa au beki wa kwanza aliyeachwa nje, na tangazo lilitoka wakati wa mazoezi ya asubuhi.